Chuo Kikuu au VETA: Uamuzi Unaozisubiri Familia za Nyanda za Juu Kusini

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, familia nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe hurudia mjadala uleule: kijana aendelee na kidato cha tano akilenga chuo kikuu, au aende VETA akasomee ufundi. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 na programu za akili mnemba zikaingia katika simu zetu, mjadala huo umechukua sura mpya, kwa sababu safari hii mashine imeanza kugusa kazi za mezani kabla ya kumaliza kazi za mikono.

Wanaotetea ufundi wana hoja nzito. Kuandika ripoti, kupanga hesabu na kufanya muhtasari wa nyaraka ndizo kazi ambazo mhitimu mpya huanzia, na ndizo hasa ambazo programu hizi huzifanya kwa dakika chache. Tazama sasa gereji za Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kifaa cha kupimia gari kikionyesha msimbo P0171, kinachosema ni kwamba hewa katika injini imezidi mafuta, basi. Kama chanzo ni mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka au sensa iliyojaa vumbi, fundi ndiye anayefungua boneti, akasikiliza mlio, akapapasa kila kiungio mpaka alipate tatizo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba ufundi uko salama moja kwa moja. Mafinga, ambako mbao zimepasuliwa miaka mingi kwa mashine ndogo ziitwazo dingdong, siku hizi kuna pia viwanda vya vinia, yaani karatasi nyembamba za mbao, ambamo mashine humenya gogo, na ujuzi wa kukadiria ubao kwa jicho hauna nafasi kubwa humo. Fundi wa gereji naye, asipoelewa kwa nini hewa ikizidi injini hukosa nguvu, atabadilisha vifaa kwa kubahatisha na mteja atalipia kila kosa.

Chuo kikuu nacho kinabaki njia halali ya kuufikia udaktari, uwakili na uhandisi, na mtoto mwenye uwezo na nia ya fani hizo asizuiwe kwa hofu ya mashine. Wasiwasi wangu ni juu ya yule anayesoma shahada yoyote iliyopatikana, kwa mkopo ambao akiajiriwa ataulipa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Huyo, kwa maoni yangu, angeanza na ufundi kisha akapanda hadi stashahada, kwa kuwa anayeshika kazi kwa mikono na kuijua sababu yake ni vigumu kumbadilisha na mashine. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho mizizi yake ni chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1986, bado kinatoa stashahada, na ningesikitika sana kuona nafasi hizo zikimezwa na shahada.

Lakini ushauri huo haumfai kijana anayemaliza VETA bila hata sanduku la spana. Mwenzake wa chuo kikuu ana bodi ya mikopo. Huyu wa VETA huelekezwa kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, fedha ambazo kijana asiye na ulemavu huzipata akiwa ndani ya kikundi, wakati fundi anayeanza mara nyingi yuko peke yake.