Kidonge cha usiku, usingizi wa mchana

Kijana mmoja jirani yetu hapa Nkuhungu anaendesha bodaboda. Aliandikiwa amitriptilini kwa ajili ya sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, na pale dirisha la dawa akaambiwa maneno mawili tu: "Moja, usiku." Basi akawa anakimeza saa sita, akishatoka kijiweni. Asubuhi kichwa kizito, ulimi umegandia kwenye kaakaa, na upepo wa Dodoma wa Septemba hauhitaji msaada wa dawa kumkausha mtu. Siku ya tano akasinzia akiwa na abiria mgongoni. Jioni hiyo akavitupa vidonge. (Kanikubalia niandike, ila bila jina.)

Mama yake akasema angevumilia, mwili ungezoea. Wenzake wa kijiweni wakasema afadhali kaacha, vidonge hivyo ndivyo vinavyompeleka mtu Mirembe. Hospitali ya wagonjwa wa akili, ya watu kutibiwa, tumeigeuza tusi.

Mama ana hoja nzito kuliko anavyojua. Dawa za sonona zina kasoro moja ya kuudhi: maudhi hutangulia, nafuu huja nyuma. Kichefuchefu na kuumwa kichwa huanza siku za mwanzo, na mara nyingi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Nafuu yenyewe huchukua wiki mbili hadi nne kuonekana, pengine sita. Anayeacha siku ya tano kalipa nauli, kisha kashuka gari halijatoka stendi. Na aliyezitumia kwa miezi akikatisha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, hasira, kukosa usingizi, hata mishtuko kama ya umeme kichwani. Nyumbani watasema ugonjwa umerudi, kumbe ni dawa iliyokatwa badala ya kupunguzwa kidogo kidogo.

Hata hivyo, neno "vumilia" halimtoshi dereva. Mwili hauzoei kila kitu: mdomo mkavu na choo kigumu vya amitriptilini vinaweza kudumu muda wote wa dawa, na wengine hunenepa. Kwa mtu wa pikipiki, usingizi wa saa nne asubuhi ni ajali inayosubiri kona. Tena, kwa sonona nyepesi Shirika la Afya Duniani halishauri kuanza na vidonge. Linataka ushauri nasaha kwanza. Kwa hiyo anayeuliza "hivi nazihitaji kweli?" asiitwe mkaidi.

Ninachogombana nacho ni kudhani kwamba njia ni hizo mbili tu. Kidonge kile kile kikimezwa saa mbili usiku badala ya saa sita, uzito wa asubuhi unaweza kupungua. Dozi inaweza kushushwa, kisha ikapandishwa taratibu. Dawa inaweza kubadilishwa: fluoksetini humezwa asubuhi na kwa kawaida hailazi mtu vile, ingawa nayo ina kichefuchefu chake na wengine huwakosesha usingizi. Kwa choo, maji na mlenda. Mgogo hahitaji kufundishwa hilo. Ila asijiongezee tramadoli ya kutuliza maumivu ya mgongo kutoka dukani bila kusema anatumia nini, maana dawa hizo zikikutana zinaweza kuleta balaa.

Na yapo yasiyongoja tarehe ya kliniki: mawazo ya kujiua yanayozidi, hasa kwa walio chini ya miaka 25 katika wiki za mwanzo, kushindwa kukojoa, kuzimia, au uchangamfu wa ajabu wa mtu asiyelala. Hayo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Najua kusema "rudi kwa daktari" ni rahisi kwa anayekaa mjini. Anayetoka Bahi au Kongwa anapoteza nauli na kibarua cha siku nzima. Ndiyo maana lawama yangu kubwa naiweka pale dirishani. Sentensi mbili zaidi, za saa ya kumeza na za maudhi ya wiki ya kwanza, zingemwokolea kijana yule safari nzima.

Alirudi hatimaye, akabadilishiwa. Sasa anameza fluoksetini asubuhi na hasinzii barabarani. Limebaki la chumbani: hamu imekata. Dawa za kundi hilo hufanya hivyo kwa wengi, na hilo nalo lina njia za kushughulikiwa, lakini daktari wake ni dada wa rika lake na mlango wa chumba kile haufungi vizuri. Kliniki ni Jumanne. Ameniomba nimwandikie kwenye karatasi, aikunje, amkabidhi daktari bila kufungua mdomo.