Gari Dogo la Michezo si Ngazi ya Kupandia Kubwa

Juzi nilimsikia mtu mzima, tena anayeyajua magari vizuri, akimwambia kijana aliyetoka kununua Toyota GR86: "Hongera, bwana mdogo. Mungu akijalia siku moja utafika kwenye LC." LC aliyoitaja ni Lexus LC, gari la kifahari la Toyota haohao. Alisema kwa nia njema kabisa. Kijana akashukuru, yakaisha. Kwangu hayakuisha, maana maneno yale yamebeba imani ambayo wapenzi wengi wa magari wanayo na hawajawahi kuihoji: kwamba gari dogo la michezo liko chini, GT la kifahari, yaani gari la kasi lililoundwa kwa safari ndefu, liko juu, na kila anayeendesha la chini yuko safarini kwenda la juu.

Sikubaliani hata kidogo. Niwekee mezani funguo za Lexus LC 500 na za GR86, mbele kuwe na barabara nyembamba yenye kona, nami nachukua za GR86 bila kusita. Wala sisemi hivyo kwa sababu ya bei. Mjadala huu watu hupenda kuumaliza kwa bei, kana kwamba bei inasema kitu zaidi ya nani ana uwezo wa kununua nini. Gari likiwa mikononi mwa dereva linafanya nini? Hilo ndilo swali, na bei hailijibu.

Kwenye karatasi, LC imeshinda kabla mchezo haujaanza. Injini ya V8 ya lita 5, haina turbo, nguvu za farasi 471, na kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa haimalizi sekunde 5. GR86 ina silinda nne zilizolala ubavu, lita 2.4, nguvu za farasi 228, na inahitaji sekunde sita na kitu kufika hapohapo. Ukiishia kwenye takwimu hizo, yule mtu mzima alisema kweli.

Sasa yaweke kwenye mzani. LC ina kilo 1,900 na ushee. GR86 haifiki kilo 1,300. Tofauti inapita kilo 600, na hapa naomba tusimame kidogo. Mwaka 1965 Toyota walitoa gari dogo la michezo liitwalo Sports 800, lenye injini ya silinda mbili isiyofika hata sentimita za ujazo 800. Gari lile zima, pamoja na injini, milango, siti na magurudumu yake yote, lilikuwa na kilo 580 hivi. Maana yake, uzito unaoizidisha LC juu ya GR86 ungetosha kuunda Sports 800 nzima na chuma kikabaki. Mzigo huo dereva wa LC anaenda nao kila kona na kila anapogusa breki, awe peke yake au na abiria.

Na uzito hauondolewi na nguvu za farasi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Nguvu inakusaidia kuondoka. Mtu aliyebeba gunia mgongoni, kama ana misuli, atakimbia vizuri tu kwenye njia iliyonyooka. Mwambie akate kona ghafla, au asimame ghafla, ndipo utaona nani anamwongoza mwenzake. Katika kasi ileile ya kilomita 100 kwa saa, LC ina nishati ya mwendo inayoizidi ya GR86 kwa takriban nusu nzima. Nishati hiyo lazima iende mahali: inaenda kwenye breki, inaenda kwenye matairi, inaenda kwenye springi na shokomzoba. Ndiyo maana gari zito linahitaji breki kubwa, breki kubwa zinahitaji rimu kubwa, rimu kubwa zinahitaji matairi mapana, na kila kimoja kinaongeza kilo zake juu ya zile zilizokilazimisha kuwepo. Wepesi nao unafanya kazi hivyohivyo kwa upande wa pili. Punguza kilo, na kila kitu kinachofuata kinaruhusiwa kuwa kidogo.

Twende kwenye kona yenyewe. Chukua kona ya kushoto, ile inayozidi kujibana kadiri unavyoingia. Ndani ya GR86 unakanyaga breki, unashusha gia kutoka ya tatu hadi ya pili, na kiganja kinaisikia gia ikiingia mahali pake, fupi na nzito. Unaanza kuiachia breki taratibu huku unakata usukani, na pua la gari linakwenda palepale ulipolielekeza. Kabla hujafika katikati, matairi ya mbele yanaanza kuchoka. Hujasikia mlio wowote bado. Umejua kwa sababu usukani umekuwa mwepesi kidogo kwenye vidole. Unapunguza mafuta kidogo tu. Uzito unarudi mbele, matairi yanashika tena, na gari linajikunja kuelekea ndani ya kona. Unakanyaga mafuta, mgongo wa gari unakaa chini, unatoka. Hayo yote yametokea kwenye mwendo ambao hauhatarishi mtu, na kila hatua uliifanya wewe.

LC inapita kona hiyohiyo, tena inapita kwa kasi. Matairi yake ya nyuma yana upana wa milimita 275 na yanang'ang'ania lami kwelikweli. Lakini ili uanze kusikia matairi yale yanakuambia nini, lazima uingie kwa mwendo ambao kwenye barabara ya watu wote hustahili kuwa nao. Chini ya mwendo huo gari limetulia kabisa, linakubebea kila kitu, na wewe umekaa tu. Juu ya mwendo huo, kosa dogo linakuwa kosa la kilo 1,900. Katikati ya hapo hakuna nafasi kubwa ya kufurahi, na mimi gari la michezo nalipima kwa ukubwa wa nafasi hiyo.

Wahandisi waliotengeneza 86 ya kwanza, mtangulizi wa GR86, ile ya mwaka 2012, walilielewa jambo hili kuliko wapenzi wa magari wanaobishana leo. Aliyeongoza kazi ile ni Tetsuya Tada, kwa ushirikiano na Subaru, na gari lilitoka na matairi ya upana wa milimita 215, ya aina ileile iliyotumika kwenye Prius. Watu walilalamika sana, kwamba gari la michezo linavalishwaje matairi ya gari la kubana mafuta. Ilikuwa makusudi. Tairi jembamba linafika kikomo chake mapema, kwa upole, kwenye mwendo wa kawaida, na dereva anapata nafasi ya kujifunza gari linavyoteleza na linavyorudi. Nadhani ni moja ya maamuzi ya kijasiri kuliko yote ambayo kampuni kubwa ya magari imefanya katika miaka hii, maana wangeweza kwa urahisi kuweka matairi mapana na kujipatia takwimu nzuri za kutangazia. Hata kizazi cha sasa chenye injini kubwa zaidi kimebaki na upana huohuo wa 215.

Na nguvu unazoweza kuzitumia je? Kwenye GR86 unaweza kuivuta gia ya pili mpaka mizunguko 7,000 kwa dakika, ukaisikia injini yote kutoka chini hadi juu, na ukabadilisha gia bado ukiwa karibu na mwendo unaoruhusiwa kwenye barabara nyingi kuu. Kwenye LC, gia kumi za otomatiki zinafanya kazi kwa ustadi mkubwa, lakini sehemu nono ya V8 ile iko juu kabisa, na kila unapoifuata unatakiwa kuiacha haraka kabla hujawa mkosaji. Unakuwa na utajiri usioutumia.

Haya, haki ni haki. Safari ndefu, barabara pana, usiku, mvua, watu wawili wamechoka: hapo sitabishana na mtu. LC iliundwa kwa ajili ya hilo na inalifanya vizuri ajabu. Siti zake hazikuchoshi. Kelele za nje zinabaki nje. Tangi lake linabeba lita 82 dhidi ya 50 za GR86, kwa hiyo kituo cha mafuta utakiona ukitaka wewe. GR86 baada ya saa tatu za barabara kuu inakumaliza masikio kwa mngurumo wa matairi, na anayekataa hilo hajawahi kusafiri nayo mbali. Halafu kuna sauti. V8 ya LC inaimba yenyewe kupitia ekzosi. GR86 inasaidiwa na spika za ndani ya gari, jambo ambalo siwezi kulitetea na sitajaribu.

Na uzuri. Nimeketi ndani ya LC nikapitisha mkono kwenye mlango, pale kitambaa kilipokunjwa mikunjo kama kinatiririka, nikaitazama dashibodi yenye duara linalosogea pembeni lenyewe kukupisha usome taarifa nyingine. Vishikio vya milango vinazama ndani ya bodi visionekane. Limetengenezwa na watu waliojali. Mhandisi mkuu wake, Koji Sato, ndiye aliyekuja kuwa rais wa Toyota nzima mwaka 2023, na ukilitazama gari lenyewe huoni ajabu. Sina nia ya kuishusha hadhi LC. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba GR86 ni LC ambayo haijakua.

Kwa kuwa tumefika kwenye safari, mnajua buti ya ipi ni kubwa? GR86. LC ni GT, gari ambalo sababu yake ya kuwepo ni kusafirisha watu na mizigo yao kwenda mbali, lakini buti yake haifiki lita 200. GR86 inaizidi, na juu ya hapo kiti chake cha nyuma kinalala, ukapata nafasi ya kupakia matairi manne ya akiba, uende nayo kwenye uwanja wa mbio, ukimaliza urudi nayo nyumbani. Siti za nyuma kwa magari yote mawili ni za mabegi na watoto wadogo. Mtu mzima asidanganywe.

Upana nao unasahaulika. LC ina milimita 1,920, GR86 ina 1,775. Zaidi ya sentimita 14 zinaonekana ndogo mpaka uwe kwenye barabara nyembamba na lori linakuja mbele yako. Kwenye gari jembamba, ndani ya njia yako mwenyewe unabaki na nafasi ya kuchagua: uingie kona kutoka nje, ukate ndani, utoke. Gari pana linaijaza njia, na wewe huna la kuchagua ila kufuata mistari ilivyochorwa.

Kinachonifanya nisikubali kabisa hii hadithi ya ngazi ni kwamba Toyota wenyewe hawakuianza hivyo. Ile Sports 800 niliyoitaja ilitoka mwaka 1965. Miaka miwili baadaye ikafuata 2000GT, iliyotengenezwa pamoja na Yamaha, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, bodi ndefu, moja ya magari mazuri kuliko yote yaliyowahi kutoka Japani. Hilo ndilo lililokuwa GT lao. Yote mawili yaliuzwa wakati mmoja, moja jepesi na la bei ya chini, jingine ghali na adimu. Leo wakusanyaji wanayaheshimu yote mawili, kila moja kwa ajili ya kile lilichokuwa. Sasa kwa nini magari mawili ya leo, yaliyotoka kwenye ukoo uleule, tuyapange kama darasa la kwanza na darasa la saba?

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu imani ya ngazi ina madhara. Gari dogo likichukuliwa kuwa la kupitia tu, hakuna anayelililia linapoondoka, na magari haya yanaondoka. Huko Ulaya GR86 iliuzwa kwa miaka miwili tu, 2022 hadi 2024. Kanuni mpya za usalama zilitaka vifaa ambavyo kuviweka kwenye gari lile kungemaanisha kulisanifu upya, na hesabu ya gari la bei ya chini linalouzwa kwa idadi ndogo haikuweza kubeba gharama hiyo. Gari ghali lina faida ya kutosha kwa kila moja linalouzwa kulipia mabadiliko ya namna hiyo. Jepesi na rahisi halina. Kwa hiyo linalokufa kwanza ni lile lenye klachi, lenye breki ya mkono ya kuvuta, lenye matairi membamba, ambalo kijana anaweza kulinunua akiwa bado kijana.

Yule kijana nilimfuata baadaye pembeni. Nilimwambia asibadilishe matairi kwanza, atafute uwanja wa mazoezi wenye lami iliyolowa, aingie na mkufunzi, azime vidhibiti vya kuteleza, ajifunze gari lake lina nini. Aliniuliza kama farasi 228 hazitamchosha baada ya mwaka. Nikamwambia mwaka ni mdogo kwa gari lile, aendeshe kwanza.