Kishikwambi kigeuzwe kompyuta kamili?

Mwisho wa muhula uliopita nilimkuta dada yangu, mwalimu wa sekondari hapa Moshi, akijaza alama za wanafunzi kwenye kishikwambi. Kidole chake kikigusa kioo kinafunika visanduku vitatu vya jedwali. Akifungua WhatsApp kuangalia alama alizotumiwa na mwenzake, jedwali linapotea. Akirudi, linaanza kujifungua upya na kumpeleka mwanzo kabisa. Ilipofika saa nne usiku akachoka, akaziandika zote daftarini, na asubuhi akaenda kulipia steshenari wamchapie.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baadaye, kwa hiyo swali hili limeshaingia hadi vijijini: kwa nini kifaa hiki kisiwekewe mfumo endeshi kamili (programu kuu inayoendesha kifaa kizima), kama wa kompyuta mpakato?

Wanaotaka hivyo wana ushahidi mkubwa kutoka Apple. Mwaka 2021 iPad Pro, kishikwambi chao, iliwekewa chipu ya M1, ileile iliyokuwa imetoka mwishoni mwa 2020 ndani ya kompyuta yao mpakato, MacBook Air. Uwezo ni uleule, lakini macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, haikuruhusiwa kuingia. Hapo kizuizi ni uamuzi wa kampuni. Mtu amelipa bei ya kompyuta, halafu anatakiwa anunue na kompyuta pembeni. Mimi naona hajatendewa haki. Mwaka 2025, kwa iPadOS 26, toleo la mfumo wa iPad, Apple wameweka madirisha ya kupanua na kusogeza pamoja na menyu ya juu, na kwangu hiyo ni dalili kwamba malalamiko yalikuwa na msingi.

Lakini Microsoft walishapita njia hiyo, na iliwagharimu. Kishikwambi chao cha Surface RT cha 2012 kilikuwa na sura ya Windows, ila programu za Windows tulizozizoea zilikataa kuingia kwa sababu chipu yake ilikuwa ya aina nyingine, tofauti na ya kompyuta za kawaida. Mwaka uliofuata kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 900. Surface Pro ya kwanza ilibeba Windows kamili kweli, ikaja na feni na betri iliyowahi kuisha.

Betri si jambo dogo huku kwetu. Binamu yangu ni mwongoza watalii Arusha. Anatoka alfajiri kwenda Tarangire, kishikwambi kikiwa na ramani na picha za ndege, na jioni bado kina chaji. Kinadumu kwa sababu mfumo wake unazisimamisha programu zisizo mbele ya macho. Mfumo wa kompyuta huziacha nyingi ziendelee kula umeme chini kwa chini.

Halafu kuna virusi. Nani hajawahi kuchomeka flashi steshenari akakuta folda zote zimegeuka shotikati? Kwenye kishikwambi kila programu imefungiwa chumba chake, haigusi faili za mwenzake ovyo. Ukiweka mfumo kamili unapata uhuru, na mlango wa virusi unakuwa wazi. Mwalimu mwenye alama za darasa zima humo ndani ana cha kupoteza.

Kwa hiyo kifaa chenye nguvu kama hiyo iPad, mwenyewe aachiwe achague. Kishikwambi cha RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 3 tusikibebeshe mzigo huo, kitakwama siku ya kwanza. Tena nikimtazama dada, shida yake haikuwa kukosa Windows. Alihitaji kuona vitu viwili kwa pamoja na kuandika bila kidole kumkinga, na Android inaruhusu kugawa kioo tangu toleo la 7 la mwaka 2016, hakuna aliyemwonyesha.

Muhula huu amenunua kibodi ndogo ya bluetooth. WhatsApp inakaa kushoto, jedwali kulia. Steshenari bado anakwenda, lakini faili anaitanguliza kwa barua pepe na analipia kuprinti tu.