Eti kambi ya sayansi kwa vitendo, vitendo vya nani?

Nimetumiwa picha za kambi moja ya watoto, zile za likizo ndefu za mambo ya anga na sayansi ya dunia, tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa KWA VITENDO. Nikazipitia moja moja. Kila picha anayetenda ni mwalimu. Kavaa miwani, kavaa koti jeupe, anamimina siki kwenye kile kilima cha udongo, povu jekundu linashuka, na watoto wamekaa chini wamekunja mikono wanatazama. Basi na mimi nikikaa kuangalia mpira kwenye tivii niandikieni kwamba nimefanya mazoezi.

Halafu hiyo volkano yenyewe jamani, si tuiache ipumzike? Siki na magadi vinatoa gesi kwa sababu asidi imekutana na besi, ndani ya mlima hakuna siki. Kinachorusha volkano ni gesi, hasa mvuke wa maji, ambayo huko chini kwenye mgandamizo mkubwa imeyeyukia ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, sasa magma ikipanda mgandamizo unapungua, gesi inageuka mapovu na mapovu yanataka nafasi. Mpe mtoto chupa ya soda aitikise aifungulie nje, hiyo iko karibu zaidi na ukweli, na umuulize kabla hajafungua mapovu yote yale yalikuwa yamejificha wapi.

Ila volkano sio ugomvi wangu hasa. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto asipotabiri kwanza, akapima kwa mkono wake, akaona namba imemkatalia, huyo hajafanya sayansi, kaangalia shoo.

Chukua mashimo ya vimondo. Unahitaji beseni, unga au mchanga mkavu laini, juu unanyunyiza unga wa rangi nyingine ili ionekane vilivyoruka vimeangukia wapi, gololi, na rula. Basi. Mtoto aiachie gololi kutoka nusu mita, apime upana wa shimo, halafu kabla hajaiachia kutoka mita moja aandike kwenye daftari anadhani litakuwa na upana gani. Wengi watakuandikia mara mbili ya lile la kwanza. Haliwi mara mbili, hata kukaribia halikaribii, na hapo ndo kelele zinaanza, wewe umeachia vibaya, hapana wewe ndo umepima vibaya, turudie! Wanarudia na shimo linakataa tena. Mmoja atasema gololi ni nyepesi watafute nzito, mwingine atataka kupanda juu ya meza. Hizo dakika za kubishana na beseni la unga ndo ninazolipia mimi, na ndo hizohizo waandaaji wanazikata kwa sababu eti ratiba imebana, saa nne kuna kupaka sayari rangi.

Na msiniambie watoto watavunjika moyo wakikosea. Kule Arizona, Marekani, kuna shimo lenye upana wa kama kilomita 1.2. Mwaka 1891 alilifuata Grove Karl Gilbert, na huyu sio mtu wa kuokota njiani, alikuwa mwanajiolojia mkuu wa serikali ya Marekani. Akajiwekea mitihani miwili: kama kuna kimondo kikubwa cha chuma kimezikwa humo, sindano ya sumaku itashtuka, na kifusi cha ukingoni kitakuwa kingi kuliko shimo lenyewe kwa sababu kimondo kimechukua nafasi yake chini. Akapima vyote. Sindano haikushtuka, kifusi na shimo vikalingana, akahitimisha kwamba ule ulikuwa mlipuko wa mvuke wa kivolkano. Kazi safi kabisa, jibu sio! Ni kwamba sehemu kubwa ya kile kimondo iliyeyuka na kutawanyika pale kilipogonga, kwa hiyo donge alilokuwa analitafuta halikuwepo. Ubishi ulikuja kufungwa 1960, mwanajiolojia Eugene Shoemaker na wenzake walipotangaza kwamba kwenye miamba ya pale kuna koesaiti, madini yanayohitaji mgandamizo mkubwa ajabu ambao mlipuko wa mvuke hauwezi kuutoa. Sasa kama bingwa kapima vizuri hivyo na bado kakosa, huyu wa miaka tisa mnamkinga na nini? Mpeni hiyo hadithi baada ya beseni, sio kabla.

Mwezi nao hivyohivyo. Mpira wa kikapu ndo Dunia, wa tenisi ndo Mwezi, waambie watoto wauweke mbali inavyostahili. Watauweka hatua moja, mbili. Ni kama mita 7. Michoro ya vitabuni ndo imetuharibu wote.

Nguo za wanaanga za kupigia picha sina la kusema. La Jua ninalo, na hapa sitanii: kama ratiba ina kuangalia Jua, uliza kichujio ni cha aina gani, na ukijibiwa miwani ya kawaida ya jua mchukue mwanao muondoke.

Haya, najua mtanijia juu. Mwalimu mmoja watoto thelathini, vifaa vichache, wazazi wanataka picha kila jioni. Na povu linawavuta wadogo, nakubali, kwa shingo upande lakini nakubali. Roketi ya chupa, ile ya maji na pampu ya baiskeli, siigusi kabisa, ile iko poa. Ila waacheni wenyewe wachague maji kiasi gani, waone iliyojazwa hadi shingoni inavyojikongoja na isiyo na maji inavyoishia karibu, halafu wahangaike kutafuta kiasi cha katikati.

Mi ushauri wangu kwa mzazi mwenzangu, kabla hujatoa hela usiombe picha, omba kuona daftari la mtoto wa awamu iliyopita. Ukikuta namba zimekatwa, utabiri wa ovyo, alama za kuuliza pembeni, lipa hata leo. Ukikuta mchoro mmoja msafi unaofanana kwa wote, wamenakili ubaoni hao.

Na wale mtakaoniandikia kwamba unga unachafua nguo: ndiyo, unachafua. Waje na za zamani.