Video mmeiona, sasa msikilizeni mwenye kamera

Sawa. Najua mmeiona. Ile video ya sekunde 18, ya mimi na fahali kwenye mchezo wa kupiganisha mafahali, imezunguka kutoka Khayega, huku kwetu Kakamega, hadi kwa shangazi yangu aliye Nakuru, ambaye hajanipa hata salamu tangu Krismasi, lakini leo asubuhi kanipigia kuuliza kama mbavu ni nzima. Aliyeirekodi ni rafiki yangu. Naandika "rafiki" kwa sababu mama yangu huwa anasoma hapa. Chini yake akaweka maneno: "Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Leo nyasi zimeangukiwa na mpiga picha."

Mcheke mmalize. Halafu nami nieleze, kwa sababu ile video haina sauti ya lenzi, na bila sauti ya lenzi mtaniona mjinga tu.

Mzee mmoja wa upande wa Shinyalu ana fahali. Jina la fahali silitaji, ni la mwanasiasa, na sitaki kesi mbili wiki moja. Mnyama mwenyewe ni mweusi. Si ule weusi wenye baka kwenye paji au soksi nyeupe miguuni. Huyu ni mweusi kama sufuria ya matangani iliyokaa mafigani siku tatu. Mzee alitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni, "pale penye ile ya harusi," akasema, na mkewe alikuwa amesimama palepale akichambua mboga. Shilingi 3,000, nusu ikatangulia kwa simu.

Mchezo wenyewe huanza mapema, jua halijapanda, ukungu bado umelala uwanjani. Isukuti zinalia, filimbi zinalia, watu wamekata matawi wanacheza nayo. UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya isukuti mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Jumamosi hiyo wangeongeza na mtu mmoja kwenye orodha.

Sasa aibu yenyewe inaanzia Alhamisi. Wa kundi letu la WhatsApp mnakumbuka, nilitoa somo zima. Nikawaambia kamera haijui ng'ombe wala bibi harusi. Inachojua ni tofauti: mahali cheusi kinapokutana na cheupe, ukingo, mstari. Inachukua mwanga uliopitia upande mmoja wa lenzi na uliopitia upande wa pili, inalinganisha, kama fundi cherehani anayeunganisha vipande viwili vya kitenge mpaka maua yakutane. Kitambaa kikiwa hakina ua hata moja, fundi atajuaje kama vimekutana? Ndiyo maana lenzi huhangaika mbele ya ukuta mweupe, ukungu, gauni la harusi, na, niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, "mnyama wa rangi moja". Dawa nikataja: tafuteni ukingo, wekeni nukta ya katikati, ile ya kufokasi, pale sikio linapokutana na anga, ikikataa geuzeni swichi mzungushe lenzi kwa mkono. Mmoja akajibu, "Asante mwalimu."

Jana usiku ameufuta huo ujumbe.

Basi nikajipanga pembeni, nyuma yangu shamba la watu la nepia, nyasi ndefu za ng'ombe. Lenzi ni ya kuvuta vitu vya mbali, 70-300 ya mitumba, ile ambayo ukiivuta hadi mwisho inabaki f/5.6, yaani mwanga unaingia kwa kuombwa. Nikaivuta hadi mwisho. Mafahali wakakutana, vichwa vikalia kama mlango wa lori, nami nikabonyeza kitufe nusu ili ifokasi.

Zzziii. Lenzi ikaenda mbele hadi mwisho. Zzzuuu. Ikarudi. Nukta ya katikati ilikuwa imekaa juu ya ubavu, katikati ya giza totoro. Na kamera yangu nimeiweka isipige mpaka ijiridhishe kwamba imefokasi. Nikabonyeza. Kimya. Nikaibonyeza kama kengele ya lango la mtu ninayemdai. Zzziii, zzzuuu.

Swichi ya kugeuza iko wapi? Kwenye lenzi, upande wa kidole gumba. Niliigusa? Mnaniuliza mimi?

Watu wakapiga mayowe. Nikajua wetu ameshinda, na kweli alikuwa ameshinda. Yule mwingine aligeuka akatimua mbio, akapita kulia kwangu. Nilisikia upepo nikadhani ni watoto. Kwenye uwanja ule kila aliyeshindwa hufuatwa na aliyeshinda, jambo ambalo kila mtoto wa Khayega analijua.

Kwenye tundu la kutazamia, weusi ulikuwa nusu ya picha. Zzziii. Ukawa robo tatu. Nikafurahi, nikasema moyoni sasa ndiyo picha. Zzzuuu. Sauti ya mzee ikaita, "Kijana!" Lakini pale uwanjani wanaume wote chini ya miaka 60 ni vijana, sikujua ni mimi. "Kijana wa kamera!" Hiyo niliisikia, nikainua kidole kumwambia asubiri kidogo. Kisha kila kitu kikawa cheusi tititi, pembe hii hadi pembe ile, hakuna anga, hakuna nyasi, hakuna watu. Na akili yangu, ambayo wazazi waliilipia karo hadi kidato cha nne, ikaniambia: umesahau kutoa kifuniko cha lenzi.

Nikanyoosha mkono wa kushoto nikitoe.

Simamisheni video sekunde ya 11. Naam, mkono ndio huo. Kuna walioandika kwamba nilikuwa namwombea. Kuna walioandika kwamba nilikuwa namsalimia mheshimiwa. Nilikuwa natafuta kifuniko, jamani, na nilichoshika kilikuwa na joto, kina umajimaji, na kilipumua.

Lenzi ile haiwezi kufokasi kitu kilicho karibu zaidi ya mita 1.5. Nawapa hiyo kama elimu tu. Hapo tulipofika hata jua la saa sita lisingenisaidia.

Tena tazameni vizuri: aliyekwepa ni ng'ombe. Mimi sikukwepa, sikukimbia, sikupiga kelele. Alinizunguka kwa heshima akaendelea na shughuli yake, na alipokuwa ameshapita, hatari imeisha kabisa, ndipo nilipoanguka kwenye nepia.

Kiatu kimoja hakijapatikana. Mwenye nepia nimemlipa 400. Rafiki yangu aliniinua baada ya kumaliza kurekodi, asante yake.

Ila nikiwa hewani kuelekea kwenye nyasi, kidole kikibonyeza chenyewe, nikasikia: pip. Imefokasi! Shata ikalia, kap. Picha moja tu asubuhi nzima. Kwenye ua alikuwa amesimama mke wa mzee, kajishika mdomo, amevaa gauni la drafti nyeusi na nyeupe. Hiyo ndiyo lenzi ilikuwa inaitafuta tangu alfajiri. Imepinda kidogo kwa vile mpigaji alikuwa amelala ubavu, lakini drafti zote unaweza kuzihesabu, hata uzi wa pindo unauona.

Mzee aliitazama muda mrefu. "Kijana, mimi nilikulipa upige ng'ombe." Nikamwambia nitamrudishia pesa yake mwisho wa mwezi. Hakujibu.

Mkewe ndiye aliyenitumia zile 1,500 zilizobaki, jioni ileile, akauliza fremu kubwa ni pesa ngapi. Itatundikwa pale penye ile ya harusi. Chini kulia kuna kitu cheusi kimeingia kwenye picha kama doa. Mzee anamwambia kila mgeni kwamba huo ni mkia.