Msikichome Kinanda cha Stoo

Kwenye stoo ya kanisa letu huku Mufindi kuna kinanda cha kukanyaga kilichokaa miaka mingi chini ya viti vibovu na mapambo ya harusi zilizopita. Mwaka jana wazee wa kanisa walikubaliana kitolewe, mbao zake ziwe kuni za kupikia siku ya mavuno. Niliomba wiki mbili. Ninajua chetu si cha peke yake, kuanzia Iringa hadi Tukuyu, na ninaamini kwa moyo wote kwamba kukichoma kinanda cha namna hii kabla ya kukifungua ni kosa kubwa.

Tulikifungua Jumamosi, mimi na fundi seremala anayetutengenezea milango na majeneza kijijini. Alipotoa ubao wa nyuma alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mnyalukolo, humu ndani kuna mvukuto!" Mvukuto anaufahamu, babu yake alikuwa mhunzi. Huu ulikuwa wa mbao mbili zilizounganishwa kwa kitambaa kizito, na panya walikuwa wametafuna pembe zake. Juu ya mvukuto kuna sanduku la hewa. Juu ya sanduku zimelala ndimi za shaba, kila mmoja kwenye kitundu chake: upande wa besi ndefu kama kidole, upande wa soprano fupi kama ukucha. Ukibonyeza kibao, kijiti kinasukuma kilango chenye ngozi, hewa inapita, ulimi unatetemeka. Nimekuwa mpiga kinanda kwa miaka kumi na moja na sikuwahi kujua kinachotokea chini ya vidole vyangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia vinanda vikubwa vya mabomba, vile vinavyoimba kwa hewa inayopulizwa kwenye mabomba hadi vikajaza jengo zima. Kilichoniteka zaidi kipo Philadelphia, Marekani, ndani ya jengo lililokuwa duka kubwa la mfanyabiashara John Wanamaker. Kilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya St. Louis ya mwaka 1904. Wanamaker alikinunua mwaka 1909, kikasafirishwa kwa mabehewa 13 ya treni, na kikasikika kwa mara ya kwanza dukani mwezi Juni 1911. Wakati huo kilikuwa na mabomba zaidi ya 10,000. Leo yanakaribia 28,750, na uzito wa kinanda ni tani 287.

Kwa nini mabomba mengi kiasi hicho? Kwa sababu kila bomba lina sauti moja tu. Bomba la so litaimba so mpaka litakapong'olewa, halijui fa wala la. Yeyote aliyekulia kwenye ulanzi analijua jambo hili hata kama hajawahi kuliwaza. Chukua mbeta mbili, vile vipande vya mwanzi vya kukingia ulanzi, moja ndefu na moja fupi, upulizie mdomoni mwake kwa juu, usikie. Ile ndefu inatoa sauti nzito. Bomba likirefushwa maradufu, do inashuka mpaka do ya chini yake. Ndiyo maana katika kinanda kikubwa unakuta bomba dogo kuliko penseli, na jingine lenye urefu wa karibu mita 10 linalotetemesha hewa kama mara 16 kwa sekunde. Sauti hiyo sikio linaipata kwa shida, ila kifua na benchi unalokalia vinaipokea. Philadelphia wana mabomba ya mbao ya urefu huo, mapana kiasi kwamba farasi mdogo aliwahi kusimamishwa ndani ya moja ili apigwe picha.

Mbao zenyewe ni za paini! Si paini ya aina yetu, lakini ni paini. Sisi tuna msitu wa Sao Hill hapa nje ya dirisha, na mbao zake tunazifanya masanduku ya nyanya za Ilula.

Mabomba yamepangwa kwa safu, na kila safu ina sauti yake: filimbi, tarumbeta, zeze. Mpigaji akivuta kishikizo, ubao mwembamba wenye matundu unateleza chini ya safu hadi matundu yalingane, na hapo tu ndipo safu inaweza kupata hewa. Vinanda vikubwa vya karne iliyopita hutumia umeme kwa kazi hiyo, lakini wazo ni lilelile, na mle ndani kuna vipande vya ngozi laini ya kondoo visivyohesabika. Ngozi, mbao, gundi, bati na madini ya risasi. Hakuna hata kimoja ambacho fundi wa Mafinga hajawahi kukishika.

Wapo wanaoniambia hayo ni mambo ya Wazungu. Kinanda cha mabomba cha kwanza tunachokifahamu kilitengenezwa Alexandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na fundi aliyeitwa Ktesibio, ambaye alitumia uzito wa maji kuufanya upepo usiyumbe. Ni bara letu hili.

Wengine wanasema kinanda cha umeme kinatosha. Ninakipiga kila Jumapili na ninakipenda. Ila kilipozima sauti mwaka juzi, tulikituma Dar es Salaam, tukaambiwa bodi imekufa, nunueni kingine. Kinanda cha stoo kilipofunguliwa, ugonjwa ulionekana kwa macho: hapa panya, pale kutu, pale ngozi imekauka. Watoto wa shule ya Jumapili walisimama mlangoni wakauliza maswali mpaka saa saba mchana.

Kile cha Philadelphia nacho kilipoanza kilionekana kidogo kwa ule ukumbi. Basi wakafungua karakana juu darini, mafundi wakawa wanatengeneza mabomba humohumo dukani, mwaka baada ya mwaka. Hicho ndicho ninachokitaka kwetu, kwa kipimo chetu. Sharika ziwape maseremala hivi vinanda badala ya kuvipeleka jikoni. Vijana wa VETA wavifungue. Siku moja mtu atengeneze safu moja tu ya mabomba ya paini, tuone. Najua asubuhi ya Julai huku kwetu mabomba hayo yatashuka sauti, kwa kuwa hewa ikipoa sauti husafiri polepole, kisha yatapanda kanisa likipata joto la watu. Ndimi za shaba hazisumbuliwi sana na baridi. Kwaya itajifunza.

Pembe za mvukuto tumezifunika kwa ngozi ya mbuzi, tukaipiga gundi mara mbili. Wiki ya kwanza ilivuja, tukarudia. Wazee wamesogeza mbele suala la kuni. Mpaka leo vibao vinne havijasema, na kimoja kati yake ni do ya katikati, kwa hiyo wimbo wowote unatoka na pengo. Fundi amesema Jumamosi anakuja na msasa laini kabisa aliouagiza Iringa mjini. Mimi nitakanyaga, yeye ataingiza mkono.