Marsha wa Maua

Shangazi yangu anauza maua katika soko la Kilombero hapa Arusha. Waridi analouza ni lile lililokataliwa na mashamba ya upande wa Usa River: shina limepinda, au ua limefunguka kabla ya siku yake, kwa hiyo haliwezi kupanda ndege kwenda Uholanzi. Analinunua alfajiri kwa bei ya chini, analitia kwenye ndoo ya maji, anapukuta majani ya chini kwa kidole gumba, na ikifika saa tatu mashada ya harusi na ya msiba yameshapangwa mbele yake. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti chake cha plastiki siku nilipoamua kuandika habari za Marsha P. Johnson, msanii na mwanaharakati wa New York, ambaye kuna wakati alilala chini ya meza za kuchambulia maua katika mtaa wa wauza maua wa Manhattan. Wachambuzi walimpa maua yaliyobaki, naye akayasuka kuwa taji na kutembea nalo kichwani mchana kutwa.

Alizaliwa tarehe 24 Agosti 1945 katika mji wa Elizabeth, New Jersey, mmoja wa watoto saba wa familia ya Wamarekani weusi. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha General Motors, mama yake alikuwa mtumishi wa ndani, na malezi yao yalikuwa ya kanisa la Methodisti. Aliandikwa mtoto wa kiume. Akiwa na miaka mitano alianza kuvaa magauni, akaacha kwa sababu wavulana wa jirani walimsumbua. Mwaka 1963, alipomaliza sekondari, alikwenda New York akiwa na begi la nguo na dola 15. Huko alijipa jina jipya, na kila aliyemuuliza ile herufi P ina maana gani alijibiwa kwa maneno ambayo kwa Kiswahili chetu ningeyaweka hivi: achana nalo hilo.

Kuna jambo kuhusu lugha yetu ambalo nimelitafakari sana wakati wa kusoma habari zake. Waandishi wa Kiingereza wanapomsimulia hulazimika, tangu sentensi ya kwanza, kuchagua kiwakilishi cha mwanamume au cha mwanamke, na wamebishana kwa miaka mingi juu ya uchaguzi huo. Sisi tunasema amefika, ameimba, amekufa, na hakuna anayelazimika kueleza zaidi. Sidai kwamba sarufi hiyo imetufanya kuwa wapole kuliko wengine, kwa maana tunayo maneno makali ya kutosha, na vijana wengi wa mji huu wameyasikia wakipita stendi. Hata hivyo nafasi hiyo imo ndani ya lugha tunayoizungumza kila siku, na naamini inatuwezesha kumtazama mtu kwa matendo yake kabla ya kumuuliza maswali ya mwili wake. Neno transjenda, yaani mtu ambaye nafsi yake haikubaliani na jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa, halikuwa limeenea enzi za Marsha. Mara nyingi alijiita malkia, naye alitaka aitwe kama mwanamke.

Jukwaani alikuwa msanii wa namna yake. Sanaa ya kuimba na kuigiza kwa mavazi ya kike, yenye mapambo makubwa kuliko ya maisha ya kawaida, huhitaji fedha, naye hakuwa nazo. Alivaa viatu virefu vya plastiki vyekundu, mawigi ya rangi kali na mikufu ya bei rahisi, akaongeza maua ya kweli na ya bandia, na wakati mwingine hata matunda ya bandia kichwani. Kuanzia mwaka 1972 alipanda jukwaani na kundi la Hot Peaches, na mwaka 1975 Andy Warhol alimpiga picha kwa ajili ya mfululizo wake wa michoro ya wasanii wa aina hiyo. Mtu huyo ambaye sura yake iliingia katika kazi za msanii mashuhuri kiasi hicho aliishi miaka mingi bila makazi ya kudumu, na kwa kukiri kwake mwenyewe alijipatia riziki kwa kuuza mwili na alikamatwa na polisi zaidi ya mara 100.

Wengi wanaomtaja humtaja kwa ajili ya usiku wa tarehe 28 Juni 1969, polisi walipovamia Stonewall Inn, baa ya New York iliyokuwa kimbilio la wapenzi wa jinsia moja na watu kama Marsha, na wateja wakakataa kutawanyika. Imesemwa mara nyingi kwamba Marsha ndiye aliyerusha jiwe la kwanza. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alifika ghasia zikiwa zimekwisha kuanza, yapata saa nane usiku. Ninamheshimu zaidi kwa kauli hiyo, kwa sababu alikuwa na nafasi ya kujitwalia sifa kubwa, akaiacha.

Kwa maoni yangu, kazi iliyo kubwa kuliko jiwe lolote ilianza mwaka uliofuata. Mwaka 1970 Marsha, akiwa na miaka 25, na rafiki yake Sylvia Rivera, aliyekuwa na miaka 19, walianzisha kundi la STAR kwa ajili ya vijana waliofukuzwa makwao kwa sababu ya namna walivyokuwa. Makao yao ya kwanza yalikuwa tela la lori lililoegeshwa katika eneo la Greenwich Village. Rivera alisimulia kwamba asubuhi moja walirudi wamebeba chakula wakakuta tela linaondoka, kwa kuwa mwenyewe amekuja kulichukua, na vijana wakaanza kuruka kutoka ndani. Baada ya hapo walipanga jengo chakavu katika mtaa wa East 2nd Street, ambalo halikuwa na umeme wala maji ya uhakika, wakalikarabati kwa mikono yao. Wao wawili walitoka usiku kutafuta fedha barabarani ili watoto wale wasilazimike kutoka. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara nimelazimika kuweka simu chini kwanza. Kwetu anayefanya hivyo huitwa mama mlezi, na jina hilo halitolewi ovyo.

Ninaandika haya kwa sababu nimeona jambo linalofanana nalo kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita shangazi alimpokea kijana aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya mwendo wake na sauti yake. Kwa miezi minne alilala sebuleni kwenye godoro la sponji, na asubuhi alimsaidia shangazi kufunga mashada, kazi aliyoifanya kwa mkono mwepesi kuliko sisi sote. Kisha wakaja wazee wa nyumba ya ibada, nisiyoitaja, wakamshauri shangazi amtoe. Kijana aliwasikia akiwa uani, akafunga mfuko wake jioni ile ile bila kuambiwa na mtu. Sheria yetu, katika kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, inatoa hadi kifungo cha maisha kwa tendo la kujamiiana kinyume na maumbile, na kivuli cha kifungu hicho humfikia hata mtu ambaye hakutenda lolote zaidi ya kutembea alivyojaliwa kutembea.

Marsha alikutwa amekufa katika Mto Hudson tarehe 6 Julai 1992. Polisi waliharakisha kusema kwamba alijiua. Rafiki zake walikataa, wakaendelea kudai uchunguzi, na mwaka 2012 jalada lilifunguliwa upya. Mwaka 2020 jimbo la New York liliipa bustani moja ya Brooklyn jina lake. Mwezi Februari 2025, tovuti ya serikali ya Marekani inayohusu mnara wa kumbukumbu wa Stonewall iliondoa maneno yanayowataja transjenda, watu wale wale waliokuwapo barabarani mwaka 1969. Kumpa mtu bustani na kumfutia neno linalomtambulisha, yote ndani ya miaka mitano, kumenihuzunisha kuliko nilivyotarajia.

Nilimsimulia shangazi habari hizi Jumapili iliyopita, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha nikamwonyesha picha kwenye simu na kumweleza kwamba mtu huyu alizaliwa akaandikwa mtoto wa kiume. Alifuta mikono kwa khanga, akaitazama picha kwa muda, hasa lile taji.

“Na wale watoto wa ile nyumba,” akauliza, “walikwenda wapi?”

Nikamjibu kwamba mwaka 1971 mwenye jengo aliwatoa wote, wakatawanyika. Shangazi hakusema neno. Alichukua kisu, akaanza kukata mashina yaliyopinda, na tulipofunga kibanda jioni alinituma niulize kwa mafundi wa cherehani wa Ngarenaro kama kuna yeyote anayejua yule kijana anakaa wapi siku hizi.